Mwalimu Aliyeonja Mvinyo Bila Kuunywa

Mwalimu alikuwa haonji kitu kabla ya saa tatu asubuhi. Alisema kabla ya hapo mdomo bado una usingizi, na mdomo wenye usingizi husifia kila kitu. Ukimpelekea asali saa mbili, ulikalishwa kwenye benchi la barazani na ndoo yako miguuni, ukapewa chai, ukaulizwa habari za nyumbani mpaka zikaisha, na ndoo haikuguswa. Saa tatu ikifika aliingia ndani, akatoka na bakuli la maji na kipande cha ugali wa uwele uliolala. Alitafuna ugali kidogo, akasukutua, akaenda kutema nyuma ya nyumba. Ndipo akachukua kijiko chake cha mti, kwa sababu cha chuma, kwa maneno yake, kinaingilia mazungumzo.

Kisha alinyamaza. Watu wengi wakionja asali hutoa sauti fulani. Yeye alitazama ukuta. Baada ya hapo alisema neno moja, akaliandika kwenye daftari mbele ya jina la mwenye ndoo: safi, maji, moshi, sukari. "Maji" maana yake ilivunwa kabla nyuki hawajaifunika kwa nta. "Moshi" maana yake mrinaji aliogopa nyuki akazidisha moto. "Sukari" haikuhitaji maelezo, na mwenye ndoo hiyo aliondoka bila kumalizia chai.

Mimi nilimfahamu mama huyu kwanza darasani, Ilongero, alipotufundisha sayansi kimu. Alipima unga kwa kijiko akakisawazisha kwa mgongo wa kisu, na sisi tulipima hivyo hivyo huku ametusimamia. Alipostaafu nikaja kugundua kwamba nyumbani kwake hapakuwa na kipimo hata kimoja. Alimimina unga kwa jicho, chumvi kwa vidole, mafuta ya alizeti kwa kusikiliza yanavyolia kwenye kikaango. Nilipomuuliza alinijibu, "Ninyi mlikuwa hamjui. Mimi najua." Na huyo mtu aliyeweza kutambua punje ya sukari kwenye ndoo ya lita ishirini aliweka vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai, akakoroga bila haya yoyote.

Hakupenda maelezo. Mwanafunzi akianza kueleza kwa nini mkate wake haukuumuka, kwamba hamira ilikuwa ya zamani na kuni zilikuwa mbichi na mdogo wake alikuwa anaumwa, Mwalimu alisubiri mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo?" Mimi ni mtu wa maelezo. Hata nikinunua nyanya huwa najieleza. Ile "kwa hiyo" yake niliiogopa kuliko fimbo, nikaendelea kuiogopa nikiwa na shahada.

Shahada yenyewe ni ya lugha. Baada ya kuhitimu nilirudi kwa Shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenilea, na kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kutuma maombi ya kazi na kuyasoma tena baada ya kuyatuma, nikitafuta kosa. Nililipata kila mara. Shangazi alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wafuga nyuki ambacho Mwalimu ndiye mwonjaji wake. Kwa hiyo nilijua mambo ya kikundi kuliko nilivyotaka: nani ndoo yake imekataliwa, nani hasalimiani na Mwalimu tangu Jumanne.

Kwa maana watu walimnunia. Hakuwa mtu laini. Mama mmoja aliambiwa "moshi" mara tatu mfululizo, mara ya tatu akalia palepale kwenye benchi. Mwalimu aliandika neno lake, akafunga daftari, akaingia ndani. Mimi nilikuwepo, nikaona ni ukatili. Wiki iliyofuata nikasikia kwamba amekwenda porini na mama yule siku nzima, akamshikia bomba la kufukizia moshi, akamwonyesha wa kutosha ni kiasi gani, akarudi ameumwa na nyuki usoni mpaka jicho moja limefunga. Mwaka huohuo Mwalimu alivuna mizinga yake mwenyewe, akaonja mbele ya wenzake, akatazama ukuta, akaandika jina lake na mbele yake "moshi". Asali hiyo aliila mwenyewe na chapati kwa miezi.

Safari ya Italia ilitokana na mama mmoja wa huko, ambaye tulimwita Sinyora. Alikuwa amepita Singida na wageni wa kanisa, akala asali ya kikundi, akaondoka na chupa mbili. Kwao, kwenye vilima, alikuwa na shamba la mizabibu na nyumba ambamo wasafiri huja kufundishwa kupika na kuonja mvinyo. Alitaka asali yetu iwe mezani kwake kila msimu. Lakini aliandika wazi kwamba hana uwezo wa kuja kukagua kila ndoo, anahitaji mtu mmoja upande wetu ambaye neno lake likitoka, limetoka. Akaomba mtu huyo aende akae naye wiki moja, aingie darasani kama mgeni yeyote, waonje vitu pamoja, ajue kama wanaelewana. Asiporidhika, asali ya akina mama ingerudi stendi ya Singida Mjini, kwenye chupa za maji, ikichemka juani.

Mwalimu hakujua Kiingereza cha kutosha. Shangazi akasema, "Huyu binti wangu amesomea kuongea. Mwacheni akaongee."

Kwa Mwalimu nikawa Msomi tangu siku hiyo. "Msomi, umefunga begi?" Nilikuwa nimefunga na kufungua mara nne. Yeye begi lake lilikuwa na nguo chache na mfuko wa unga wa uwele, kwa ajili ya kusafishia mdomo. Nililala siku tatu nikifikiria ule unga. Niliandika kwenye karatasi, kwa Kiingereza, maelezo ya uwele ni nini, unalimwa wapi na kwa nini si kitu kibaya, nikayakariri. Uwanja wa ndege ofisa alifungua mfuko, akanusa, akafunga. Mwalimu akanitazama. "Kwa hiyo?"

Darasa lilifanyika kwenye jiko kubwa lenye meza ndefu. Tulikuwa sisi wawili na wageni wengine wanne, watalii, kila mmoja na aproni. Mwalimu alifungiwa aproni na Sinyora kwa mikono yake mwenyewe, akatulia kama mtoto anayevalishwa sare. Sikuwahi kumwona akiwa mwanafunzi. Alisimama mbele, mikono nyuma, akatazama kila kitu, na Sinyora alipopima unga akausawazisha kwa kisu, Mwalimu aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika kabisa.

Siku ile walipika ugali. Wana jina lao, lakini ni ugali wa mahindi ya njano, ndani ya sufuria la shaba, na Sinyora alieleza kwamba unakorogwa dakika arobaini.

"Arobaini?" Mwalimu akaniambia. "Anapika ugali au anausubiri?"

Hilo nililitafsiri kwa kulipunguza. Watalii wakacheka. Nikapumua. Kisha Mwalimu akapewa kijiko aonje, akaonja, akasema, "Haujakaza."

Nikamwambia Sinyora kwamba mgeni wetu anaona chakula ni laini sana, laini kwa namna ya pekee, na kwamba kwetu pia tuna kitu kinachofanana na hiki ingawa sisi hukipenda kikiwa kizito zaidi kidogo, lakini hii inategemea na mtu.

Mwalimu alisubiri nimalize. "Mimi nimesema neno moja. Wewe umesema mangapi?"

"Nilikuwa naeleza, Mwalimu."

"Nimesikia."

Lakini Sinyora alipomwaga ule ugali kwenye ubao wa mti, akauacha upoe, kisha akachukua uzi mweupe, akaupitisha chini na kuuvuta juu, na ugali ukakatika vipande vilivyonyooka kama matofali, Mwalimu alisogea mpaka kidevu kikakaribia meza. Aliomba uzi. Akakata kimoja, akakata cha pili, akaukunja uzi ule vizuri akautia kwenye mfuko wa aproni. "Hili nimelichukua," alisema. Na kweli alirudi nalo. Mpaka leo nyumbani kwake ugali wa wageni hukatwa kwa uzi. Jirani zake walimcheka mwezi mzima. "Mwalimu sasa anapima ugali kama kitenge!" Naye anawajibu, "Kaa hapo nikukatie gauni."

Mvinyo ulikuwa wa siku iliyofuata, mchana, kwenye chumba cha mawe chenye mlango unaotazama mizabibu. Mwalimu ni mzee wa kanisa. Zaidi ya divai ya meza ya Bwana hajawahi kuweka kileo mdomoni. Nilikuwa nimeanza kuhangaika na jambo hili tangu Ilongero, na usiku wa kuamkia siku ile nikamwambia kwamba tunaweza kusema anaumwa.

"Naumwa nini?"

"Tumbo, labda. Mwalimu, watu wakijua nyumbani?"

"Nani atawaambia?"

"Kuna picha. Watalii wanapiga picha kila kitu."

Akafikiri. "Basi nitakaa vizuri." Kisha akaongeza, "Nimeitwa kuonja. Kunywa ni habari nyingine."

Ilipofika saa, alitafuna ugali wake wa uwele, aliokuwa ameusonga kwenye jiko la Sinyora asubuhi, akasukutua, akakaa. Sinyora alionyesha jinsi inavyofanywa: zungusha glasi, nusa, chukua funda, lizungushe mdomoni, tema kwenye ndoo ndogo ya chuma iliyokuwa katikati ya meza. Mwalimu alifuata yote mpaka kwenye kutema. Hapo aliinuka na mashavu yamejaa, akatoka mlangoni, akatema kwenye shina la mzabibu, akarudi akakaa. Glasi ya pili, hivyohivyo. Watalii wakatazamana. Mimi masikio yaliwaka. Sinyora akaniuliza kama kuna tatizo.

"Mwambie," Mwalimu alisema, "bibi yangu akipewa pombe ya mtama, funda la kwanza alikuwa anatema mlangoni, anaiombea nyumba. Kutema baraka kwenye ndoo sijawahi kuona."

Hilo nililisema kama lilivyo, sikupata muda wa kulipamba. Sinyora aliweka glasi chini, akatazama mizabibu yake, akachukua funda, akatoka nje. Glasi ya tatu ilipomiminwa tulitoka wote, watu saba wazima wenye mashavu yaliyojaa, tukajipanga kwenye mistari ya mizabibu, tukatema. Kama kuna picha ya siku ile ningependa kuipata.

Na alikuwa anaonja kweli. Glasi ya kwanza alisema inanuka udongo wa Novemba mvua inapogusa kwa mara ya kwanza. Ya pili akasema imekaa kwenye chombo kilichoungua ndani. Sinyora akashangaa, kwa sababu pipa lile huchomwa ndani kwa moto kabla ya kujazwa. Alianza kummiminia Mwalimu kwanza, kabla ya wengine, akisubiri uso wake. Nilikuwa naona jambo letu linakwenda vizuri, na kwa mtu kama mimi jambo likienda vizuri ndipo hofu inapokuja.

Glasi ya nne Mwalimu aliinusa, hakuipeleka mdomoni. Akaiweka mezani. "Hii imeharibika. Inanuka gunia lililolowa likafunikwa."

Mimi nilikuwa nimesogeza pua kwenye glasi hiyo, niliyokuwa nimekaa nayo karibu, na nilisikia harufu hiyohiyo. Gunia lililolowa, kabisa. Lakini Sinyora alikuwa ametuambia dakika chache kabla kwamba chupa hii ni ya mwaka aliozikwa baba yake. Na ni mwenyeji wetu. Na nimelelewa na Shangazi: kwetu mgeni akipewa chakula kibaya anakula anashukuru, akizidiwa anasema ameshiba. Na ikiwa mvinyo huu ndivyo unavyotakiwa kunuka? Na kama akikasirika, asali je? Haya yote niliyafikiri Sinyora akiwa ananitazama, kisha nikasema kwa Kiingereza kwamba harufu hii inamkumbusha Mwalimu ghala la nyumbani wakati wa masika.

Sinyora aliweka mkono kifuani. Akawamiminia wale wengine wanne. Wa kwanza akanusa akakunja uso, wa pili akaisukuma glasi mbali. Sinyora akachukua glasi yake, akanusa, na uso wake ukabadilika. Alikusanya glasi zote, akaomba radhi. Alipopita karibu yangu aliniambia taratibu, "Nilidhani yeye angeniambia." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefuta jambo akilini.

Mwalimu alikuwa ameona. Aliniita nje, kwenye mizabibu.

"Amesema nini?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulimwambia nini?"

Nikamwambia hilo pia. Nilianza na baba yake Sinyora, nikaja kwenye ugeni, nikaja kwenye asali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nasubiri "kwa hiyo", lakini hakusema.

"Mimi pia nikienda kwa mtu nakula nilichopewa," alisema. "Lakini leo sikuitwa kula. Wenzetu kule wanasubiri huyu mama aamini mdomo wangu. Na huku mdomo wangu ni wewe." Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Twende ukamwambie."

Alitembea nyuma yangu, mimi mbele, njia nzima mpaka chumbani. Nilimwambia Sinyora kwamba mgeni wake alijua, na kwamba aliyedanganya ni mimi. Aliuliza Mwalimu alitumia maneno gani hasa. Nikamwambia kuhusu gunia. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na glasi tatu zisizo na alama, akaziweka mbele ya Mwalimu. Mwalimu alinusa ya kwanza, akanusa ya pili, akaisukuma ya pili kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza. "Gunia," akasema. Sinyora alilirudia neno lile kwa Kiswahili, vibaya, huku akicheka na machozi yanamtoka. Sidhani kama kuna kitu kilisainiwa siku ile. Walishikana mikono tu, wakashikilia kwa muda.

Mwalimu hakunigombeza. Si kule, si kwenye ndege, si Ilongero. Nyumbani alisimulia habari ya uzi na habari ya kutema, na alipofika glasi ya nne alisema tu kwamba mojawapo iliharibika wakaitambua. "Wakaitambua." Nilisubiri kugombezwa miezi mingi, nikitayarisha majibu, na kadiri alivyoendelea kunyamaza ndivyo nilivyoona aibu zaidi. Kwa kweli nadhani hakuwa ananiadhibu. Alikuwa ameshamaliza. Ni mimi niliyekuwa sijamaliza.

Asali ikaenda, msimu baada ya msimu, kwa neno lake. Nami nikapata kazi ya muda ya ofisini, Singida Mjini, nikahamia huko.

Mwaka huu, mwezi wa nane, Shangazi alinipigia. "Mwalimu wenu amegoma. Ndoo zetu zina wiki tatu, haonji. Ukienda, mara ana wageni, mara ana kikao cha kanisa. Amelewa sifa za Wazungu yule."

Jumamosi nikapanda bodaboda. Nilipofika kwenye uzio wa Mwalimu nilisikia harufu ya maziwa yanayoungua, kali, ya kukwaruza koo. Nikakimbia bila kupiga hodi. Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwenye jiko lenyewe, anapitia daftari lake, na sufuria nyuma yake linatoa moshi.

"Mwalimu, maziwa!"

Hakugeuka kutazama sufuria. Alinitazama mimi. Nikaliepua, nikalipeleka nje, nikarudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeyasikia tangu wapi?"

"Tangu kwenye uzio."

"Mimi sijayasikia hata sasa," akasema.

Ilikuwa ni mafua ya mwezi wa sita. Mafua yaliondoka na pua. Hospitali walimwambia asubiri, wengine hurudiwa, wengine hawarudiwi. Ulimi ulikuwa unajua chumvi, unajua tamu, basi. Chai alikuwa ameacha kuweka sukari, kwa sababu haikuwa na maana. Alinieleza haya kwa sentensi fupifupi, akichora kitu kwenye jalada la daftari kwa kucha.

"Ungeweza kuandika 'safi' tu," nikasema. "Nani angejua?" Sijui kwa nini nilisema vile. Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

Kisha akasema, "Ile glasi ya nne. Wewe uliisikia?"

"Niliisikia."

"Najua. Pua yako ilikunjika kabla ya yangu." Akasogeza kigoda. "Leo wataleta ndoo. Utakaa pembeni yangu, nitasema Msomi anajifunza. Utaonja, utaandika neno, mimi nitalisoma."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu darasa la tano, nilimwona akiogopa. Alitaka nimfichie. Nilielewa. Sinyora alikuwa ameamini mdomo mmoja, na akina mama wale walikuwa wamekubali maneno magumu miaka yote kwa sababu yalitoka kwenye mdomo huohuo. Nikakubali.

Saa tatu benchi lilijaa. Mwalimu alitafuna ugali wake, akasukutua, akaenda kutema, kila kitu kama zamani, nami nikafanya vilevile nyuma yake, na akina mama wakacheka. "Tumepata kifaranga cha Mwalimu!" Ndoo ya kwanza ilikuwa ya Shangazi. Alikuwa ameketi wima, ameniangalia kwa fahari.

Nilionja. Palikuwa na utamu mzito, na nyuma yake kitu kama ukoko wa sufuria, na harufu ya ua hakuna. Asali iliganda, akaipasha motoni ilainike. Nilijua mara moja. Kisha nikaanza kufikiri. Nilifikiri kwamba huyu amenilea. Nilifikiri kwamba labda nimekosea, bado pua yangu ina yale maziwa. Nilifikiri kwamba "safi" ni herufi nne. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi na Mwalimu alikuwa ametazama ukuta, akisubiri. Hakuwa na njia yoyote ya kujua nitakachoandika kama ni kweli.

Nikaandika. Akasoma, "Imechemshwa."

Shangazi akasimama. "Mwalimu, mimi si mtoto. Kijiko chako hakijafika mdomoni. Nimekutazama. Umeonja saa ngapi?"

Mwalimu angeweza kusema neno lolote na wangelipokea. Alifunga kifuniko cha kalamu.

"Sijaonja," akasema. "Aliyeonja ni huyu. Mimi pua imekufa tangu mwezi wa sita. Niliwaficha, na leo nilitaka kuwaficha tena. Mnisamehe."

Yule mama aliyewahi kulia kwa ajili ya moshi alitoka kwenye benchi, akaenda kukaa chini karibu na miguu ya Mwalimu. Shangazi alibaki amesimama. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaitazama ndoo.

"Niliiweka kwenye makaa kidogo tu," akasema. "Ilikuwa imeganda kama samli." Akakaa. "Haya, mwonjeeni na mwenzangu. Isije ikawa mimi peke yangu."

Wakacheka, kicheko cha kupumua. Ndoo ya pili ikasogezwa. Nikasukutua, nikaonja, nikatazama ukuta kwa sababu sikujua mahali pengine pa kutazama.

"Safi," nikasema.

Mwalimu alishika kalamu, hakuandika. Alikuwa amefumba macho. "Safi vipi?"

"Safi tu, Mwalimu."

"Hapana. Nieleze."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Nikasema ni ya alizeti, lakini si alizeti peke yake, mwanzoni ina ukali kidogo kama ganda la limau, halafu unakuja mgunga, ule wa bondeni, maua yake yakiwa yameanza kudondoka. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshazidisha.

"Endelea," Mwalimu akasema, bado amefumba macho.